Mpenzi asiyekufa anaogopa nini?

SWALI: Naandika riwaya ya mapenzi. Mwanamume ameishi miaka 600 na hafi. Mwanamke, wa miaka 23, ni mchawi anayetibu watu katika kijiji kilicho karibu na Edinburgh, Uskoti, mwaka 1590. Sura ya nne anakamatwa. Mpenzi wake anavunja mlango wa gereza, panga za askari zinampita bila kumdhuru, wanatoroka wote wawili. Rafiki zangu waliosoma wanasema lugha ni tamu ila hawapati wasiwasi wowote juu ya hawa wapenzi. Nimeongeza uchawi, bado. Nimewaza mwishoni mwanamke achomwe moto akiwa hai. Je, hilo litasaidia? Na tofauti yao ya miaka ni tatizo? — Msomaji, Morogoro

JIBU: Dada, rafiki zako wamekwambia kweli, na shukuru wamekwambia kitabu kikiwa bado mikononi mwako.

Shida imeanzia pale panga zinapompita. Mtu asiyezuiwa na mlango wala upanga hana cha kuogopa, na asipoogopa yeye, msomaji ataogopa nini? Ulipoona sura imepoa ukaongeza uchawi, yaani ukazidisha kilekile kilichoipoza. Mimi ningefanya kinyume. Nguvu za huyu bwana ningeziacha zilivyo, ila ningezigeuza ziwe ndizo zinazomponza mwanamke. Bahati nzuri mwaka na mahali ulipochagua vinakuruhusu kufanya hivyo bila kubuni mengi.

Lakini kwanza huyo bwana mwenyewe. Kutokufa ni zawadi yenye kasoro, na watunzi wa zamani walihakikisha kasoro hiyo inajulikana mapema. Wagiriki wa kale walisimulia kwamba Eos, mungu wa kike wa alfajiri, alimpenda binadamu aitwaye Tithonus, akamwomba Zeus amjalie asife kamwe. Akajaliwa. Alichosahau Eos ni kuomba pia asizeeke. Tithonus akazeeka, akanyauka, akaishiwa nguvu hata za kuinua mkono, na mwisho Eos akamfungia chumbani, sauti yake ikisikika ikibwabwaja bila kukoma. Katika Odisia ya Homer, Calypso anamwahidi Odysseus kwamba akibaki naye kisiwani hatakufa wala hatazeeka. Ameshakaa naye miaka saba, na bado Odysseus anachagua kurudi kwa mkewe Penelope, huku akikiri mbele ya Calypso kwamba mkewe hamfikii kwa uzuri wala kimo. Na sisi tunaye Fumo Liyongo, ambaye silaha hazikumpata isipokuwa sindano ya shaba kitovuni, na siri hiyo ilitoka kwake mwenyewe ikaingia sikioni mwa mwanawe. Liyongo angekuwa hafi kabisa, bila sindano, tusingekuwa na utenzi.

Angalia jinsi kasoro zenyewe zilivyo ndogo na zinavyoeleweka kwa sentensi moja. Ya huyu wako sijaiona katika maelezo yako. Umeniambia haumii, hazeeki, ana nguvu, na nadhani ni tajiri, maana wote huwa matajiri. Hilo la utajiri lina historia yake: katika taarifa za vijijini huko Serbia za miaka ya 1720 na 1730, mfu anayenyonya damu ni maiti ya mkulima iliyovimba na kuwa nyekundu, haina hadhi yoyote. Aliyemvika koti la kibwana ni John Polidori, daktari wa mshairi Byron, katika hadithi iliyochapishwa mwaka 1819, na tangu hapo wanaume wasiokufa wana majumba ya kifahari na uso mweupe wenye huzuni. Huna deni na desturi hiyo. Jiulize tu pesa zake zinatoka wapi mwaka 1590 na anawaeleza nini majirani. Ukikosa jibu, mfanye mchonga mawe au mfua chuma, maisha yaendelee.

Sasa tuje Uskoti, maana hapa ndipo kazi ilipo.

Mwaka 1589 mfalme James wa Sita alivuka bahari kumfuata mchumba wake Anne wa Denmark, ambaye dhoruba zilikuwa zimemkwamisha Norwe. Walifunga ndoa Oslo, wakarudi na kushuka bandari ya Leith mwezi Mei 1590. Dhoruba zile zikatafutiwa mwenye kosa. Denmark walianza wao kukamata wanawake, kisha zamu ikafika Uskoti. Kwenye mji mdogo wa Tranent kulikuwa na ofisa aitwaye David Seton, naye alikuwa na mtumishi wa kike, Geillis Duncan. Msichana huyu alikuwa akitoka usiku, na ghafla akajulikana kwa kutibu wagonjwa. Hayo mawili yakatosha. Seton alimtesa, vidole vikabanwa kwa chuma na kichwa kikasokotwa kwa kamba, wala hakusema kitu. Ndipo wakamkagua mwili wakidai wameona alama ya Shetani kooni. Baada ya hapo akakiri, akaanza kutaja watu.

Mmoja wa aliowataja ni Agnes Sampson wa Nether Keith, mkunga na mganga, mtu mzima mwenye heshima zake ambaye hata wenye nyadhifa walikuwa wakimwita wanapouguliwa. Hati yake ya mashtaka ina vipengele zaidi ya 50. Visome, dada, vitakufundisha kuliko riwaya yoyote. Vingi havizungumzii kabisa kuruka angani: ni kwamba alimtibu fulani, kwamba alisema fulani atapona na fulani hatapona, ikawa hivyo. Sala aliyokuwa akiwasomea wagonjwa ilikuwa imani ya Kikristo iliyopangwa kwa vina, kitu ambacho bibi yeyote mcha Mungu angeweza kukiimba. Mahakamani ikawa sala ya Shetani.

Alihojiwa mbele ya mfalme katika jumba la Holyrood. Kijitabu kilichochapishwa London mwaka 1591 kinasimulia kwamba mambo aliyoyakiri, ya wanawake kusafiri baharini ndani ya chekecheke na kucheza kanisani North Berwick usiku, yalikuwa ya ajabu mno hata mfalme akawaita waongo wakubwa. Geillis aliitwa apige mbele yake ule wimbo unaodaiwa kuchezwa usiku huo, kwa kale kachombo ka chuma kanakoshikwa mdomoni. Ndipo Agnes akamvuta mfalme pembeni, akamnong'oneza maneno yaleyale ambayo yeye na malkia waliambiana usiku wao wa kwanza kule Oslo. Mfalme akaapa kwamba mashetani wote wa jehanamu wasingeweza kuyajua, na tangu hapo akaamini yote.

Kisa hicho cha kijitabu huenda kilitiwa chumvi, lakini kama mtunzi kiangalie kilivyojengwa. Mfalme alikuwa karibu kutoamini. Kilichomfunga mwanamke ni kuthibitisha kwamba anajua. Alikabwa kwa kamba hadi akafa, na mwili ukachomwa, tarehe 28 Januari 1591. (Ukikuta karatasi za wakati ule zinasema 1590, usishtuke: Uskoti ilikuwa bado inaanza mwaka tarehe 25 Machi, ikahamia Januari mosi mwaka 1600.)

Rudi sasa kwenye sura yako ya nne. Bwana anavunja mlango wa chuma kwa mikono, askari wanamkata na hatoki damu. Mbele ya mahakama ya 1590, umempa mwendesha mashtaka ushahidi ambao asingeupata popote. Mwanamke aliyekuwa akishukiwa kwa sababu ya dawa za mitishamba sasa ameonekana na askari wote akichukuliwa na kiumbe asiyeumia. Na kumbuka alama ya Shetani ilipimwaje: mfalme mwenyewe, katika kitabu chake kuhusu mashetani cha mwaka 1597, anataja kuwa mahali penye alama hapahisi maumivu. Huyu bwana ni alama hiyo inayotembea kwa miguu miwili! Kila muujiza anaoufanya kumwokoa mwanamke unamhukumu mwanamke huyo na wote waliowahi kuonekana naye. Wakitoroka, dada yake, mama yake na mgonjwa wake wa jana wanabaki kijijini, na kalamu ya karani haijawekwa chini.

Hapo msomaji ataanza kuogopa, kwa sababu mwenye nguvu anapaswa kukaa kimya. Asimame nje ya jengo asikie, awe na uwezo wa kuubomoa ukuta, asiubomoe. Kwangu hiyo ndiyo sura ya nne.

Halafu mpe msichana uamuzi mgumu kuliko wa bwana. Waliokamatwa walilazimishwa kutaja majina, nao walijua fika kwamba kutaja hakuwaokoi. Msichana wako ana jina moja ambalo lingewaridhisha majaji wote, la mtu ambaye kwa kweli si binadamu wa kawaida. Akilitaja anasema ukweli. Wengine wote aliowataja, kwa maumivu, ni uongo. Geillis Duncan alipofikishwa mahali pa kufia, Desemba 1591, alikana aliyoyasema dhidi ya wanawake wawili wenye majina makubwa, akasema alisukumwa kuyasema. Sijui mtunzi atataka nini zaidi ya hapo.

Kuhusu kumchoma akiwa hai, usifanye hivyo kwa ajili ya kishindo tu. England wachawi walinyongwa. Salem, Marekani, mwaka 1692, walinyongwa 19 na mzee mmoja akakandamizwa kwa mawe hadi kufa, hakuna aliyechomwa. Uskoti desturi ilikuwa kukaba kwanza, kisha kuchoma. Kuchomwa hai kulitokea mara chache, na kwenye kesi hizi kulimpata Euphame MacCalzean, tarehe 25 Juni 1591, binti wa jaji na mwenye mali, aliyepambana mahakamani hadi mwisho. Kama msichana wako ni mganga maskini wa kijijini, adhabu hiyo itamvaa vibaya.

Ukitaka kuogopesha, tumia hesabu. Aberdeen, mwaka 1597, halmashauri ya mji iliandika gharama za kuwachoma wanawake wawili: mizigo 20 ya mboji kavu (udongo wa mimea iliyooza, unaochomwa kama kuni) ya kuwashia, mapipa manne ya lami, mti wa kuwafungia, kamba, na ujira wa kubeba vyote hivyo hadi kilimani. Karani ameandika kila kitu na bei yake, bila neno la huruma wala la chuki. Mfanye bwana wako apewe kazi ya kubeba mboji hiyo. Ana mgongo wenye nguvu kuliko wote mjini, nani mwingine wamwite?

Na huko nyuma, kabla ya kukamatwa, kuna vitisho vidogo ambavyo ni mali safi kwa riwaya ya mapenzi na hujavigusa. Mwaka 1585 tauni iliingia Edinburgh. Mtu aliyeuguza nyumba nzima na kutoka bila hata homa angekumbukwa miaka mitano baadaye, kwanza kwa shukrani, kisha kwa maswali. Mgeni aliyehamia parokia alitarajiwa kuja na barua ya mchungaji wa alikotoka, kuthibitisha mwenendo wake. Huyu wako barua anaipata wapi, na mchungaji aliyeisaini akitokea? Na wakitaka kuoana, ndoa hutangazwa kanisani Jumapili tatu, mwenye kipingamizi ajitokeze. Jumapili tatu hizo nakwambia zinaweza kubeba sura tatu. Ya kwanza kimya. Ya pili mzee kwenye benchi la nyuma anamtazama bwana harusi sana, kwa sababu baba yake marehemu aliwahi kumsimulia fundi mwenye alama ya kuzaliwa kama ile. Ya tatu mzee yule anasimama.

Chumvi ya ucheshi isikosekane, maana wapenzi wako wana huzuni kutwa. Kijitabu kilekile cha London kina kisa cha mwalimu wa shule, John Fian, aliyempenda msichana ambaye mdogo wake alikuwa mwanafunzi wake. Akamtuma kijana alete nywele tatu za dada yake, akampa na karatasi iliyosomewa ya kuzifungia. Kijana akajaribu kuzichomoa dada akiwa amelala, dada akapiga kelele, mama akamchapa mtoto mpaka akasema. Mama hakuwa mjinga. Akaenda zizini, akang'oa nywele tatu kwenye kiwele cha mtamba, akazifunga katika karatasi ileile. Mwalimu akafanya mambo yake, na papo hapo mtamba akaja mbio hadi mlangoni mwa kanisa, akamrukia na kumchezea, asitake kumwacha popote aendapo, watu wanatazama. Ni hadithi ya kale iliyovalishwa nguo mpya. Apuleius wa enzi za Warumi ana ya kwake yenye nywele za mbuzi. Lakini Fian alikuwa mtu kweli, aliteswa kikatili na kuuawa, na kicheko hicho kilichapishwa baada ya kifo chake. Ukiweza kumchekesha msomaji na ukurasa unaofuata ukamfanya aone haya kwa kucheka, umeshaiva.

Miaka 600 dhidi ya 23. Ndiyo, ni tatizo, na wasomaji wa siku hizi hawanyamazi. Wala si umri wenyewe unaowaudhi, ni bwana kujua kila kitu na binti kukaa akifundishwa. Katika kurasa ulizonieleza, yeye ndiye anayemweleza msichana hatari, anayemtoa gerezani, anayemfichulia siri ya dunia. Binti anafanya nini zaidi ya kupendeza? Mpe maarifa ambayo bwana hajawahi kuyafikia. Mfanye mkunga. Mkunga anaingia chumba cha uzazi, mahali ambapo wanaume wa zama zile hawakukanyaga. Miaka 600, na huyu bwana hajawahi hata mara moja kuona mtu anavyozaliwa! Amezika wengi tu. Binti anajua wanawake wanasema nini uchungu unapopamba, anajua nani baba wa mtoto wa nani, na hiyo pia ni sababu ya watu kutaka anyamazishwe. Na mwache amkatalie bwana jambo moja kubwa, akatae na asibadilike hadi mwisho. Penzi lao litasimama sawa.

Jambo moja la nyumbani. Msomaji wako wa Shinyanga au Kilifi hausomi uchawi kama ngano za mbali. Anajua bibi aliyekatwa mapanga kwa sababu macho yake yalikuwa mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa kuni. Sikwambii uuhamishie mkasa huku. Ubaki Uskoti ulipo. Ninachokuomba ni kwamba wale wanaomshtaki msichana wasiwe mazimwi. David Seton alikuwa mwajiri mwenye wadhifa. Mashtaka mengi dhidi ya Agnes yalihusu watu aliowatibu. Mwandike jirani ambaye msomaji atamtambua, tena amtambue kwa sura ya mjomba wake.

Mwisho wa kitabu uamue kwa kujua unaandika nini. Wasomaji wa riwaya za mapenzi wanataka wapenzi wabaki pamoja, au angalau wabaki na tumaini, na ukiwaulia mtu ukurasa wa mwisho watahisi wameuziwa kitabu kingine. Ukitaka kumuua, hiyo ni riwaya ya msiba, ni halali, ila itangaze hivyo. Mimi ningewaacha hai wote, na ningemlipisha bwana. Tangu sura ya kwanza weka wazi kwamba kutokufa kwake kunaweza kuondoka, na kwa njia moja tu, kama sindano ya Liyongo. Njia hiyo iwe mikononi mwa mwanamke bila yeye kujua. Atakapoitumia, bwana atoke damu kwa mara ya kwanza baada ya miaka 600, mbele ya majaji, wakimchoma sindano kutafuta alama. Damu ikitoka, alama hakuna; kesi inayumba. Kilichomwokoa mwanamke ni bwana kuwa mtu wa kufa kama wengine, na watazeeka wote wawili mahali fulani Orkney, wakigombana juu ya kuni.

Anza na sura ya nne. Toa mlango uliovunjwa, toa panga zote, mweke bwana nje ya ukuta usiku mzima, na uandike anayoyasikia. Ukiimaliza nitumie hiyo peke yake, isizidi kurasa kumi.